Jibu: Kamaliza fomu foo, nimpeleke kwa fundi?

Dada yangu, umeuliza kama kumtia kijana kwa fundi seremala ni kumpotezea miaka. Mimi nasema mtie, ila kwanza nenda mwenyewe ukakae karakanani saa nzima, uangalie wale vijana waliopo wanafanya nini.

Mimi fundi wa kwanza alinigeuza tarishi, mwaka mzima nanunua misumari tu. Wa pili alikuwa wa milango ya nakshi, hapa hapa mjini Zanzibar. Kwake nako miezi ya mwanzo ilikuwa kunoa patasi na kupiga msasa, nanung'unika kila siku. Mpaka aliponipa nichonge ua moja pembeni mwa fremu, kwa patasi niliyoitia makali mwenyewe. Ule mti mgumu wa msaji ukakatika kama halua!

Kasoro ni cheti. Fundi wa mtaani hanacho cha kukupa, na hoteli zikiajiri seremala zinakitaka. Kwa hiyo kaulizie uanagenzi Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Wana vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni, na Pemba kule Vitongoji. Anasoma huku yupo kazini.

Na nauli mkubaliane mapema nani anatoa.