Mnaoanza na milipuko ya miale ya gama, anzeni na breki

Wadogo zangu, ombi langu ni moja: kabla hujawasha simulesheni yoyote kaa na kalamu upige hesabu wimbi la mshtuko, lile linalosukumwa na mata iliyorushwa na mlipuko huku likizoa gesi ya nje, linaanza wapi kupungua kasi, maana hapo ndo watu wanateleza na wakishateleza kila grafu wanaisoma kombo.

Wengi wanadhani ni mpaka lizoe gesi yenye uzito sawa na mata iliyorushwa, kama supanova vile. Hapana jamani. Huku nishati inayoingia kwenye gesi iliyozolewa inapanda kwa gama (siyo miale, hii ni namba ya kuonyesha mwendo uko karibu kiasi gani na kasi ya mwanga) kipeo cha pili, so unachukua uzito uliorushwa unaugawa kwa gama, basi. Weka nishati ya jouli 10^46 na gama 300: kilichorushwa ni kama Dunia 60, lakini breki inashika likizoa moja ya tano tu ya Dunia! Kama nje kuna protoni 1 kwa kila sentimita ya ujazo, hapo wimbi limeshasafiri karibu wiki 3, ila sisi huku tunaona sekunde kama 10 tu, sababu linaufuata mwanga wake kwa nyuma likiwa karibu limeufikia. Rudia hesabu hii mpaka ikae kichwani.

Baada ya hapo ni kanuni ya Blandford na McKee ya 1976, ya jinsi wimbi kama hili linavyopungua kasi: umbali ukiongezeka mara 4, gama inashuka mara 8.

Sasa utamu wenyewe. Wimbi likishika breki, mata iliyorushwa iko nyuma, nzito, bado inataka kwenda mbele, na mbele yake kuna gesi iliyopashwa, moto kweli ila nyepesi. Ni maji yaliyowekwa juu ya mafuta, hayakai: mpaka kati ya hivyo viwili unakunjamana, vidole vya mata nzito vinachomoza mbele, ndo kuyumba kwa Rayleigh na Taylor huko. Programu ya dimensheni moja haikuonyeshi kitu, itakupa ganda jembamba limenyooka, linapendeza machoni lakini siyo kweli. Nenda dimensheni mbili, ongeza vyumba vya gridi ya hesabu kidogokidogo, angalia vidole vinavyobadilika kabla hujaamini picha. Usivipuuze, ule mvurugano unaweza kukuza uga wa sumaku, na bila sumaku elektroni hazitoi ule mwanga wa sinkrotroni (unaotoka zikipindishwa na sumaku zikiwa kasi sana) tunaoupima.

Ukishaiva chukua GRB 030329, mlipuko wa miale ya gama wa mwaka 2003, darubini za redio zilipima hadi ukubwa wake ukitanuka, uone kama wimbi lako linatanuka hivyohivyo.