Kitako kinateleza mkononi

SWALI: Shikamoo fundi. Kitako cha bunduki yangu ya kuwindia ni cha plastiki, na mikono ikitoka jasho kinateleza. Naweza kukitia mikwaruzo mwenyewe nyumbani?

JIBU: Marahaba. Unaweza. Kwanza hakikisha haina risasi, hata kwenye chemba, kisha fungua skrubu utenge chuma na kitako. Bandika utepe kuzunguka sehemu ya kushika. Chukua kifaa cha kulehemu nyaya chenye ncha butu, kikishapata moto gusa plastiki kama sekunde moja, inua, gusa pembeni yake. Vitone vikae ovyo ovyo. Ukivipanga kwa mistari, kosa moja litakukodolea macho kila siku.

Kitako changu cha kwanza nilikitoboa. Sikujua kuwa ndani ni kitupu, nikakandamiza kama natoboa mbao. Kwa hiyo kigonge kwa ukucha: kikilia kama debe, usikiguse na moto. Hapo paka gundi ya epoksi, nyembamba, nyunyizia mchanga laini uliochekechwa, kesho yake ukung'ute uliobaki. Ukiunguza, unguzia nje, maana moshi ule si wa kuvuta. Na pale unapolaza shavu pasiguswe kabisa, utachunika ngozi.