Jibu: Redio gani ya masafa mafupi kwa kelele za Ngamiani, Tanga?

Ndugu, umeuliza ununue redio gani kwa sababu redio yako ya zamani inanguruma tu jioni. Kabla hujatoa hela, weka betri kwenye hiyo hiyo, zima meni swichi ya nyumba, usikilize. Mimi nilipofanya hivyo mngurumo ulikatika ghafla. Nikawasha kimoja kimoja, mchawi akawa chaja ya simu ya bei poa, akifuatiwa na taa ya LED ya ukumbini. Redio haikuwa na kosa.

Kama kelele inabaki, pengine inatoka kwa majirani, na hapo ndipo uchaguzi una maana. Usidanganywe na redio "kali" inayonasa sana: inanasa na uchafu pia. Tafuta yenye tundu la antena ya nje, upana wa kichujio unaobadilika (unaubana ili kupunguza kelele za pembeni ya stesheni), na sync, inayokuwezesha kusikiliza upande mmoja wa stesheni ulio safi zaidi. Tecsun PL-330 ina vyote hivyo na inaingia mfukoni.

Ila hela nyingine ibakize ya antena ya duara. Ile ya fimbo ukiitumia ndani inakaa katikati ya nyaya za umeme. Ya duara unaizungusha taratibu, sentimita chache tu, mpaka kelele izame na sauti ibaki. Fremu ya antena yangu ni bomba la maji lililobaki fundi alipomaliza kazi, shemeji anadhani nimetega kunguru.

Ukiipata hiyo redio, ijaribu kwanza ufukweni Raskazone, mbali na nyaya za nyumba, ndipo utajua uwezo wake.