Eti magunia yangu ya mkaa ndo yamemaliza theluji ya Kilimanjaro?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi nauza mkaa hapa Makorora, Tanga, mwaka wa tisa huu, watoto watatu wamesoma kwa mkaa huohuo. Juzi kwenye mkutano kiongozi mmoja kasimama kasema theluji ya Kilimanjaro inaisha sababu ya watu wa mkaa, watu wote wakageuka kuniangalia mimi, nilitamani ardhi inimeze. Ni kweli? Na kama kweli, mbona wanaotoa vibali hawasemwi?
Mama Mkaa, Makorora

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa hiyo aibu. Huyo kiongozi kachanganya mambo mawili, na mimi nahisi kayachanganya makusudi, maana yakishakorogwa pamoja hakuna wa kuulizwa.

Tuanze na barafu. Mwaka 1912 ilifunika kama kilomita za mraba 12 kule juu, kufika 2011 zilikuwa hazifiki hata 2. Sasa barafu ya Kilimanjaro haiyeyuki tu kama ya kwenye jagi la juisi, nyingi inageuka mvuke moja kwa moja kwa jua kali na hewa kavu, halafu theluji mpya haidondoki ya kutosha kuziba pengo. Ukavu huo ulianza mwishoni mwa karne ya 19, wakati hata bibi yako hajazaliwa, na juu yake ndo likaja joto la dunia linalotokana na makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa zaidi na nchi kubwa. Afrika nzima tunatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa! Kwa hiyo hapo wa kubanwa ni wakubwa wa dunia, wale waliopitisha mkataba wa tabianchi Paris 2015 na kukubaliana Misri 2022 kwamba uwepo mfuko wa kufidia hasara za nchi maskini zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ingawa kukubali na kutoa hela ni vitu viwili tofauti kama unavyojua kwa wateja wako wa mkopo.

Ila kwenye misitu, mama, hapo siwezi kukusafisha wewe wala yeye. Maji ya bomba unayokunywa hapo Makorora yanatoka bwawa la Mabayani, Mabayani inajazwa na mto Zigi, na Zigi inaanzia misitu ya Amani huko Usambara Mashariki. Miaka ya 70 na 80 magogo yalishushwa kule kwa mashine, kwa hela za msaada wa Finland na baraka za serikali yetu wenyewe, mpaka kelele zikazidi ndo wakageuza, Finland ileile ikaanza kulipia uhifadhi, na 1997 Amani ikawa hifadhi ya mazingira asilia. Yani aliyekata sana siyo mwenye shoka, ni mwenye mhuri.

Mkaa nao hivyohivyo. Gunia likitoka Handeni linakatiwa ushuru, kuna kibali, kuna geti, serikali inapata chake halafu jioni kiongozi anapanda jukwaani kukutukana. Januari 2006 waliwahi kuupiga marufuku kabisa nchi nzima, bei ikaruka, watu wakakosa cha kupikia, haikuchukua muda wakalegeza. Sasa hivi kuna mkakati wa Mei 2024 kwamba asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, sawa, nzuri, lakini mama ntilie anayenunua mkaa kwa kopo hawezi kulipa mtungi wa gesi kwa mkupuo, na hilo halikusababishwa na wewe.

Kitu kingine ambacho hawakisemi sana, Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kumiliki msitu wake, kupanga uvunaji na kubaki na mapato. Kijiji chenye msitu wake hakiachi mtu aufyeke hovyo. Kwa hiyo wewe nunua mzigo wenye karatasi tu, na huyo bwana akirudi Makorora usimuulize habari za Kilimanjaro, muulize vijiji vingapi vya huko mkaa unakotoka vimeshapewa msitu wao na vibali vya mwaka huu kasaini nani. Wakigeuka kuangalia mtu, safari hii wamwangalie yeye.