Kabla hujatia sahihi, jina la hewani ni la nani?

Weka kalamu chini! Umeandika swali refu kuhusu kutoka kipindi cha redio cha wikendi kwenda cha asubuhi: mshahara, usingizi, kama uhame Kitengela. Mimi nimekwama pale uliposema utatumia jina jipya la hewani ulilobuni, na meneja wa vipindi amekuambia usihangaike na kandarasi kwa sababu "sisi hapa ni familia."

Familia! Familia gani inakufuta kazi kwa barua unayopewa na askari wa langoni?

Niliendesha kipindi cha asubuhi miaka mingi, saa kumi na mbili hadi saa nne. Jina la mzaha nililibuni mwenyewe, na sehemu ya wapangaji kusutana na wenye nyumba hewani ilikuwa yangu vilevile. Wadhamini wakapanga foleni. Ukurasa wa mwisho wa kandarasi ulisema majina, sehemu za kipindi na kurasa za mitandaoni ni mali ya kituo. Usidhani sikuusoma. Niliusoma, nikamuuliza bwana aliyeniletea kandarasi, akacheka: "Sasa nani atataka jina lako?" Nikacheka naye, mjinga mimi, nikatia sahihi. Siku hizi nasikia bwana huyo ni mzee wa kanisa. Waumini wawe macho na sadaka.

Waliponiondoa, wiki iliyofuata niko kwenye matatu, Jogoo Road, najisikia nikiwaamkua Wakenya redioni. Kijana mwingine, jina langu lilelile, sehemu yangu ileile. Kondakta akasema, "Huyu jamaa siku hizi amechangamka." Nikalipa nauli nikanyamaza. Ukurasa wa Facebook ukabaki kwao na watu wote niliowakusanya. Nilipofungua mwingine nikaandika kwamba mimi ndiye halisi, mashabiki wangu wenyewe wakaniripoti kuwa tapeli.

Wakili aliniambia mambo ambayo laiti ningeyajua mapema. Wazo la sehemu ya kipindi halilindwi na hakimiliki, kwa hivyo yeyote anaweza kuwasutanisha wapangaji na wenye nyumba. Jina ndilo unaweza kulifungia mlango. Nenda KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, South C, Nairobi, ulisake kwanza uone kama limechukuliwa, kisha uombe alama ya biashara kwenye daraja la 41, ambalo ndilo la burudani. Likikubaliwa linachapishwa kwenye jarida lao, na mwenye pingamizi ana siku 60. Likipita ni lako miaka 10, na unaweza kuhuisha. Fanya hivyo kwa jina lako wewe, kabla ya kituo kulitangaza hata mara moja.

Mwangalie Gidi wa Radio Jambo. Aliingia studio akiwa na jina ambalo nchi nzima ililijua tangu kundi lake la muziki, Gidi Gidi Maji Maji, lilipovuma 2002. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alianza "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka wa 1966, enzi za Sauti ya Kenya, redio ya taifa, akatangaza kwa jina lake mwenyewe hadi uzeeni. Nani angempa kijana mwingine jina la Mambo Mbotela?

Mshahara? Angalia kama wanakuajiri au wanakufanya mkandarasi. Ukiwa mkandarasi wanakata asilimia 5 wanaipeleka KRA, mamlaka ya kodi, na bima ya afya na akiba ya uzeeni utajijua. Usingizi, lala saa mbili usiku, basi.

Turudi kwa jina. Waambie waongeze sentensi moja: jina ni mali ya mtangazaji, na kituo kinaruhusiwa kulitumia wakati wa kandarasi pekee. Ukurasa ufungue kwa namba yako ya simu, si ya ofisi. Wakileta ubishi, tangaza kwa jina la kwenye kitambulisho, hata kama ni Mutiso wa kawaida kabisa.