Usimwache Panya Jirani na Mwenye Ndevu

Mechi yangu ya kwanza Moshi, ya mchezo wa ubaoni uitwao Blood Bowl, nilianza na panya 11, nikamaliza na wanne. Asubuhi nilikuwa nimepanda Coaster kutoka Arusha kifua mbele, vizibo vyangu kwenye mfuko wa kitenge, kwa sababu hapa Sakina nilikuwa nimeshawafunga wote watatu ninaocheza nao. Kilomita 80 tu, nikajisemea, nitakula mtori, nitashinda, jioni niko kwangu. Mtori nilikula.

Mwenyeji wangu tunamwita Meku, yaani mzee kwa Kichaga, ingawa hata miaka arobaini hajafikisha. Anachezesha Dwarf, wale wafupi wenye ndevu, nami nachezesha Skaven, binadamu-panya. Tangu siku ile nimerudi kwake mara nyingi, na sasa kuna chalii wa Kijenge amejiunga nasi, naye kachagua panya, na kila Jumamosi ananiuliza: "Braza, mbona wanaisha?" Haya ninayoandika ni kwa ajili yake na wenzake.

Kwa ambaye mchezo hajauona: ni wa kampuni ya Games Workshop ya Uingereza, na upo tangu 1986. Chukua mpira wa Kimarekani, wape viumbe wa hadithi, halafu ruhusu ngumi. Uwanja ni ubao wenye vyumba 26 kwa urefu na 15 kwa upana. Kila upande unaingiza wachezaji 11, vipindi ni viwili, na kila kipindi una zamu 8. Goli ni kusimama na mpira kwenye mstari wa mwisho wa mwenzako. Sisi tunafuata kanuni za toleo la 2020. Ubao wetu ni plaiwudi aliyotukatia seremala, mistari tumechora kwa maka peni, na kete ni vizibo vya soda vilivyopakwa rangi, kama vya drafti. Dadu maalumu za kumbo hatuna pia. Tunatumia za kawaida, na ukutani kuna karatasi: 1 umeanguka mwenyewe, 2 mmeanguka wote, 3 na 4 umemsukuma, 5 ameyumba, 6 amelala.

Basi tuzungumze kuhusu panya. Kinachomvutia kila mtu ni Gutter Runner, yule panya mkimbiaji. Ana hatua 9, na akijitutumua anaongeza 2, jumla 11. Kutoka mstari wa katikati hadi goli ni hatua 13, kwa hiyo zamu mbili zinamtosha na chenji inabaki. Nilipoona tarakimu hizo nikadhani nimenunuliwa ushindi. Nikapokea mpira, zamu ya pili nikafunga. Meku hata hakunyanyua macho. Alikuwa anapanga watu wake kwa mpira wa kuanza upya, na kanuni inasema lazima niweke watatu kwenye mstari wa katikati, pua kwa pua na ndevu zake, naye ndiye anayeanza.

Hapo ndipo ilipo siri yenyewe, na ilinichukua mechi sita kuiona. Mbio za panya kazi yake ya kwanza si kufunga. Ni kuhakikisha kwamba zamu yako inapoisha, hakuna mtu wako aliyesimama kwenye chumba kinachogusana na cha adui.

Sababu ni hii. Kumbo la kawaida anapigwa aliye jirani tu. Anayetoka mbali kuja kupiga anahitaji blitzi, na blitzi ni moja tu kwa zamu. Ukiwaacha watano wameguswa, watapigwa watano, na wa sita juu kwa blitzi. Usipomwacha hata mmoja, Meku na ndevu zake zote anapiga kumbo moja, basi. Na huyo mmoja mara nyingi unaweza kumchagua wewe, kwa sababu Dwarf wa kawaida ana hatua 4, akijitutumua 6. Aliye umbali wa vyumba 7 hafikiwi kabisa. Mimi siku hizi nikikaribia kumaliza zamu nahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, mpaka saba. Wananicheka, ila huwa nahesabu.

Kumbo moja lina uzito gani? Gutter Runner ana nguvu 2, Dwarf ana 3, hivyo Dwarf anarusha dadu mbili na kuchagua iliyo nzuri kwake, bila hata mwenzake wa kumsaidia. Isitoshe, Dwarf amezaliwa na ujuzi wa Block, yaani ile 2 ya "mmeanguka wote" inamlaza panya peke yake, na ujuzi wa Tackle, unaoua chenga zako. Chalii wangu hapo ndipo anapoliwa. Anasema "huyu ana Dodge", yaani ujuzi wa chenga, nami namwambia mbele ya ndevu hana. Ukipiga hesabu, analala mara 3 kati ya 4. Akilala, kinga yake ya mwili ni 8: mpinzani anarusha dadu mbili, akipata 8 au zaidi imepasuka, na hiyo ni mara 15 kati ya 36. Ikipasuka zinarushwa mbili nyingine, na kuanzia 8 tena anatoka uwanjani, 8 na 9 amezimia, 10 kwenda juu ameumia kweli. Ukiunganisha yote, kumbo moja linamtoa mara 13 hivi kati ya 100. Unaweza kuona ni kidogo. Zidisha makumbo matano kwa zamu 8 ujionee mwenyewe. Waliozimia wengine huzinduka, lakini Meku hakusubiri wazinduke.

Basi mpangilio wa zamu unabadilika. Anza na wasiohitaji dadu: wale walio huru, warudishe nyuma, watawanye. Dadu ije mwisho, maana ukikosea zamu inakatika palepale na waliobaki wamebaki walipo. Nimeona mtu anaanza na chenga ya hatari, anaangukia pua, halafu analalamika kwamba dadu zina mkosi wakati nusu ya timu yake bado imekumbatiana na adui.

Na panya wa kawaida aliyekwishanaswa, usihangaike kumtoa. Huyo anahitaji 3 au zaidi kwenye dadu kuponyoka akiingia chumba kisichoguswa na adui, yaani anakosa mara 2 kati ya 6, na akikosa umepoteza yeye na zamu. Mwache. Amegharimu vipande 50,000 tu vya dhahabu ya mchezo. Lakini akishaangushwa, mwache alale! Hili lilinishinda kulikubali, kwa sababu mkono wenyewe unataka kugeuza kizibo kisimame. Aliyelala hapigwi kumbo. Anaweza kukanyagwa tu, na kukanyaga ni mara moja kwa zamu, tena mkanyagaji akirusha dadu zikafanana refa anamtoa nje. Panya aliyesimama katikati ya ndevu ni nyama. Aliyelala anamlazimisha Meku kufikiria.

Kwenye kununua timu, mfuko wa kuanzia ni vipande 1,000,000 vya dhahabu. Siku ile ya Moshi nilimnunua Rat Ogre, panya pandikizi la mtu, 150,000, na kwa ajili yake nikakosa mganga wa kutibu majeruhi. Jitu lile lina tabia ya hasira. Ukitaka litende lolote unarusha dadu kwanza, na likikasirika linamshukia mwenzake aliye jirani. Kipindi cha kwanza lilimlaza panya wangu mwenyewe, mwenye afya, ambaye hakuna Dwarf aliyekuwa amemgusa. Meku alicheka mpaka mama watoto wake akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Sasa nanunua Gutter Runner 4, Blitzer 2, wale panya wapigaji, wa kawaida 6, nafasi 2 za kurudia dadu na mganga. Jumla 970,000. Mrushaji mpira sinunui. Najua wengi hawanielewi kwa hilo, ila kwa mbio hizi nani anahitaji kurusha mbali? Gutter Runner anaokota, anakimbia, akibanwa anampa mwenzake mkononi. Nafuu zaidi ni kuwa na mtu wa 12 benchi, maana watatu wa mstari wa katikati ni sadaka, na sadaka inataka akiba. Hapo weka wa kawaida daima. Nimeshamwona chalii akiweka Gutter Runner wa 85,000 pale mbele eti ili awe karibu na goli. Nilinyamaza, ajifunze.

Ukilinda, usijenge ukuta. Ukuta wa panya unapigwa wote. Wapange mbali na adui kwa nafasi: panya, vyumba viwili vitupu, panya. Kila mchezaji anabana vyumba vinavyomzunguka, hivyo anayetaka kupita katikati lazima aponyoke, na Dwarf anahitaji 4, au 5 akiendelea kubanwa. Miguu ile mifupi haipendi. Kwa timu ya Wood Elves hii haisaidii sana, wale wanacheza kama upepo wa Ngaramtoni. Bahati nzuri na wao wanavunjika kama wewe, basi wapige kumbo bila huruma.

Kuhusu lini ufunge: kadiri uwezavyo, chelewa. Filbert Bayi wa Karatu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 akiongoza tangu mwanzo, na wengi wetu tumelelewa na hadithi hiyo, tunaamini mwenye mbio akimbie. Lakini nyuma ya Bayi hapakuwa na mtu anayeruhusiwa kumpiga kumbo. Kila goli unalofunga linakurudisha mstari wa katikati na sadaka tatu nyingine. Shika mpira, kaa nyuma, vyumba saba, waache ndevu watembee. Wakikaribia kukuzingira, hapo ndipo chomoka.

Pasaka Meku akaja Arusha kwa marudiano. Nilipokea mimi, nikashika mpira hadi zamu ya 8, nikafunga. Kipindi cha pili akasawazisha zamu ya 6. Nikapewa mpira nikiwa na zamu tatu. Ya kwanza nikaokota na kurudi nyuma. Ya pili nikasogea pembeni, ndani ya hatua 9 kutoka mstari wake, Dwarf wa karibu akiwa vyumba 8 nyuma yangu. Meku alitazama ubao, akanywa chai, akatazama tena. "Wewe mtoto," akasema, "njoo karibu basi." Akamaliza zamu yake ya mwisho bila kumgusa mtu. Nikafunga, 2 kwa 1, panya tisa wamesimama.

Akadai nyingine hapohapo, lakini safari hii yeye achukue panya, eti ameona jinsi wanavyochezeshwa. Nikampa mfuko wa kitenge, nikachukua ndevu. Mapumziko yalifika akiwa amebakiwa na saba.