Kidonge cha usiku nilichokificha

Miguu yangu ilianza kuwaka moto mwaka wa tisa wa kisukari. Usiku hata shuka likigusa vidole, naruka. Daktari akaniandikia amitriptilini miligramu 25, kimoja kabla ya kulala. Baada ya wiki kama tatu nikaanza kupata usingizi. Mdomo ulikauka kama niko Ramadhani saa kumi jioni, lakini maumivu yalipungua, nikavumilia.

Kilichoniponza ni aibu. Dawa hii hutibu pia sonona, na muuza duka mmoja hapa Temeke aliposoma karatasi yangu alipaza sauti mbele za watu: "Mzee, hii si ya wagonjwa wa akili?" Tangu hapo nikiulizwa dawa ninazotumia, nataja metfomini ya kisukari, basi.

Masika nikaugua malaria, nikapewa dawa mseto. Sikusema kitu. Siku ya pili nimechuchumaa kituo cha mwendokasi Gerezani, moyo unakimbia, unaruka pigo, unarudi kwa kishindo. Niliposimama, giza. Binti muuza maji ndiye aliyenidaka.

Hospitali walinibandika vibandiko kifuani kwa kipimo cha umeme wa moyo. Daktari akaivuta ile karatasi ya mistari, akaiangalia muda mrefu. "Baba, hakuna dawa nyingine kweli?" Nikakitaja kidonge, sauti chini.

Alinieleza kwamba amitriptilini yenyewe huweza kuongeza mbio za moyo na kushusha presha ukiinuka ghafla. Zaidi ya hapo, inaweza kuchelewesha umeme wa moyo kujipanga upya baada ya kila pigo. Lumefantrini iliyomo kwenye dawa mseto nayo inaweza kufanya hivyo, na zikikutana moyo unaweza kupoteza mpangilio.

Kwa hiyo wewe unayeanza dawa hii, mwambie daktari kama uliwahi kupata shambulio la moyo, au kwenu kuna aliyeanguka akafa ghafla. Omba kipimo cha umeme wa moyo. Ukizimia, usikae nyumbani ukinywa tangawizi, nenda hospitali. Na usiikatishe kienyeji, hupunguzwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Ukibadilishiwa prigabalini, dawa nyingine ya maumivu haya, fahamu kuwa inaweza kuvimbisha miguu. Mwenye moyo dhaifu aseme mapema.

Mimi sasa kipande cha pakiti ya amitriptilini kinakaa kwenye pochi, nyuma ya kadi ya bima. Juzi nimekwenda famasi na kikohozi, nikakiweka kaunta bila kuulizwa. Dada alikisoma, akairudisha kabatini azithromaisini, antibiotiki ambayo nayo inaweza kuchelewesha umeme wa moyo, akaniambia nikamwone daktari kwanza.